Tuwatetee, Tusiwasake

Hotuba iliyotolewa Kagongwa kwa waanzilishi wa shirika la kuzuia uraibu na kutetea sera njema juu ya vileo na dawa za kulevya





Nimeombwa niseme maneno kabla hamjaanza kujadili katiba ya shirika mnalokusudia kuliunda. Jina lake bado halijachaguliwa, nami naona ni vema, maana jina hufuata kazi. Kwa hiyo nitazungumzia kazi, na hasa swali moja ambalo msipolijibu leo, siku zijazo litajijibu lenyewe, tena vibaya. Swali hilo ni hili: shirika hili linapambana na nani?

Nitafuata njia ambayo vijana wa VIWAWA wanaifahamu, njia ya Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi mwaka 1925: kuona, kupima, kutenda. Anayetenda kabla ya kuona huumiza. Anayeona tu, asitende, hana tofauti na yule kuhani aliyepita kando njiani.

KUONA

Kagongwa ni mji uliojengwa na kazi. Barabara kuu itokayo Isaka, penye bandari kavu, hupita hapa ikielekea Kahama mjini na kuendelea hadi Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Mpunga wa vijiji vinavyotuzunguka huletwa kwenye mashine zetu za kukoboa, na mchele huondoka kwa malori. Kaskazini-magharibi yetu uko ukanda wa dhahabu: Bulyanhulu, machimbo madogo yaliyotapakaa Kahama, Msalala na Mbogwe, hadi Geita, ambako mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Karibu nasi kabisa ulikuwapo mgodi wa Buzwagi, ulioanza mwaka 2009 na kukoma uzalishaji mwaka 2021. Kwa hiyo mji wetu umezoea watu wanaokuja na kuondoka, na fedha inayokuja na kuondoka pamoja nao.

Tuitazame fedha hiyo kwa makini, maana ndani yake mna sehemu kubwa ya jibu. Mchimbaji mdogo hana mshahara wa mwezi. Hushuka duarani majuma mengi kwa chakula anachopewa na mwenye duara. Mawe yakipita karasha na dhahabu ikipatikana, mgawo hufanyika, na mtu aliyekuwa hana kitu asubuhi huwa na fedha nyingi jioni. Kuli wa mashine za mpunga hulipwa kwa gunia, jioni, mkononi. Dereva wa lori hufika usiku, amechoka, yuko mbali na mkewe na watoto wake. Hao watatu wana jambo moja la pamoja: fedha huwafikia kwa mkupuo, katika saa za giza, miongoni mwa watu wasiowajua.

Sasa niulize. Katika saa hiyo ni mlango gani ulio wazi? Benki imefungwa. Kikundi cha kuweka na kukopa hukutana mwishoni mwa juma. Kanisa na msikiti vimefungwa. Mlango ulio wazi ni wa kilabu, na nyuma ya kilabu yupo anayeuza bangi. Hapo ndipo udhaifu wa mtu na mpangilio wa mji hukutana. Simwondolei mtu wajibu wake mbele ya Mungu. Kila mmoja wetu ana hiari, na hiari ni zawadi. Lakini hiari ya mtu hupimwa pia kwa njia zilizo mbele yake. Mtu aliyewekewa mlango mmoja tu tusishangae akiingia huo.

Kisha tuutazame mwili wake. Kushuka duarani ni kushuka gizani, penye joto, vumbi na hofu ya kufukiwa. Wapo wanaovuta bangi kabla ya kushuka, nao husema inawaondolea woga. Wapo wanaokunywa gongo baada ya kupanda, nao husema bila hiyo hawapati usingizi. Wapo madereva wanaotafuna mirungi ili wasisinzie. Wapo watoto wa mitaani wanaonusa gundi ili wasahau njaa. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba hakuna hata mmoja anayesema alianza kwa kutafuta uharibifu. Kila mmoja alitafuta msaada, naye aliyemkaribia na kumpa msaada wa uongo alikuwa muuzaji.

Na heroini? Zamani tuliiita shida ya watu wa pwani. Tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini ilianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Februari 2011, kisha ikafika Mwananyamala na Temeke. Lakini baada ya hapo imebidi vituo vifunguliwe hata Mbeya, Dodoma na Mwanza. Hospitali haifungui kituo mahali pasipo wagonjwa. Aliye na macho na aone kwamba shida ile imekwisha kupanda kutoka pwani hadi kwenye ziwa letu.

Pamoja na hayo naomba msisahau kipimo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani, na dawa za kulevya vifo 600,000. Yaani kwa kila mtu mmoja aliyeuawa na dawa za kulevya, zaidi ya wanne waliuawa na pombe. Ninasema hivyo kwa sababu najua kishawishi kitakachowajia mtakapoandika katiba. Ni rahisi kuandika "bangi na heroini" na kuiacha pombe, maana bangi ni ya yule kijana pale nje, bali pombe iko kwenye harusi zetu, kwenye sherehe za kipaimara na kwenye mavuno. Shirika litakalokemea bangi ya kuli na kunyamazia pombe ya tajiri halitasikilizwa na kuli. Wala tajiri hatalihitaji.

KUPIMA

Mizani ya kwanza ni ya imani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2290 na 2291, hutufundisha kiasi na kutuonya juu ya madhara ya dawa za kulevya, na lawama yake nzito huielekeza kwa wanaozitengeneza na kuzifanyia biashara kwa siri. Na katika Injili ya Luka, yule Msamaria hakumhoji majeruhi kwa nini alisafiri peke yake katika njia mbaya. Alimfunga majeraha, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akatoa fedha, na akaahidi kurudi. Tumezoea kuisifu huruma yake na kulisahau lile la nyumba ya wageni. Huruma ya njiani pekee isingetosha. Ilihitajika nyumba, mtunzaji, gharama, na mtu wa kurudi kuuliza hali ya mgonjwa. Jiulizeni: katika njia hii itokayo Isaka kwenda Kahama, nyumba hiyo iko wapi, na ni nani anayeilipia?

Mizani ya pili ni ya sheria. Nchi yetu ilitunga sheria juu ya dawa za kulevya mwaka 1995, kisha ikatunga nyingine, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na Mamlaka iliyoundwa kwa sheria hiyo ikaanza kazi mwaka 2017. Kutumia kwenyewe ni kosa. Kuuza ni kosa kubwa zaidi. Lakini kazi ya Mamlaka haiishii kwenye kukamata. Imepewa pia wajibu wa elimu na kinga, na wa kuratibu tiba na utengamao wa waraibu. Upande wa kukamata una watetezi wengi, nao huonekana kwenye magazeti. Upande wa tiba ni wa kimya, hauna picha ya magunia yaliyoteketezwa, na kwa hiyo unahitaji sauti. Hapo ndipo mahali penu.

Kuhusu pombe, ipo Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, inayohusu leseni na saa za kuuza. Ipo Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, inayokataza kutengeneza gongo bila kibali. Na ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayokataza kumuuzia mtoto kileo au kumruhusu aingie baa. Angalieni jambo hili: leseni ya kilabu hutolewa na mamlaka ya serikali za mitaa. Maana yake, karatasi inayoruhusu kilabu kusimama jirani na shule hupita juu ya meza iliyo Kahama hapa hapa, wala si Dodoma. Sera ambayo wengi huiona kama jambo la wakubwa walio mbali, kwa sehemu kubwa ni jambo la diwani wako, na diwani unamjua kwa jina.

Mizani ya tatu ni ya historia yetu wenyewe, na hapa nawaombeni mnisikilize kwa subira, maana nitataja jambo ambalo wazee wetu wanalionea fahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijiji vya Kahama na Nzega vilipochoshwa na wezi wa ng'ombe na majambazi, watu hawakungoja msaada kutoka mbali. Walijipanga wenyewe, wakachagua makamanda wao, wakapiga yowe na kufuata nyayo usiku na mchana. Hiyo ndiyo Sungusungu, iliyoenea Usukuma na Unyamwezi kote, na baadaye ikatambuliwa kwa sheria. Ilituonyesha kwamba watu wa kawaida, wasio na mshahara wala ofisi, wanaweza kujipanga na kuleta usalama. Hilo ni urithi, na ninyi mliokusanyika hapa ni warithi wake.

Lakini urithi huo una upande wa pili. Nguvu iliyoanza kwa kumsaka mwizi mahali pengine iligeuka kuwasaka vikongwe walioitwa wachawi. Watu walipigwa, walitengwa, walifukuzwa kijijini, na wengine walipoteza maisha bila kufikishwa mbele ya hakimu. Kwa nini? Kwa sababu chama kinachoundwa kwa ajili ya kusaka lazima kila siku kipate wa kusakwa. Wezi wakipungua, kitamtafuta mwingine, naye kwa kawaida atakuwa mnyonge asiye na wa kumtetea.

Hilo ndilo neno langu kuu leo. Msiunde Sungusungu ya walevi. Msiandike majina ya wavuta bangi na kuyapeleka mahali popote. Msitembee usiku na fimbo. Mwezi Februari 2017 huko Dar es Salaam tuliona orodha za majina zikisomwa hadharani kwa tuhuma za dawa za kulevya. Sitazungumzia waliotajwa wala waliotaja. Mambo hayo yana mahali pake kisheria. Nasema hili tu: jina likishasomwa hadharani halirudishwi mdomoni, hata mwenye jina akionekana hana hatia. Na mraibu anayeogopa kwamba ninyi mnatunza orodha hatawafuata kamwe. Atajificha, na kwa mgonjwa wa namna hiyo mafichoni ndiko kwenye kifo.

Mtaniuliza: Padre, na wauzaji wakubwa je? Hao ni kazi ya dola, nayo ina sheria, askari na mahakama. Raia mwema mwenye habari ya uhalifu anajua mahali pa kuipeleka, kwa nafsi yake. Shirika lenu lisichanganye kazi hizo mbili. Mkono unaomshika mgonjwa usiwe ule ule unaomfunga pingu.

KUTENDA

Basi tufanye nini? Nitataja mambo sita.

La kwanza, anzeni na meza ya leseni. Ombeni kwa barua, kwa adabu na bila kuchoka, kwamba saa za kuuza vileo zilizowekwa kisheria zifuatwe. Kwamba kilabu kisiwekwe jirani na shule. Kwamba mtoto asitumwe kununua pombe. Msidharau jambo dogo. Wengi mnakumbuka viroba, ile pombe kali katika vifuko vya plastiki, rahisi kununua na rahisi kuficha mfukoni mwa mwanafunzi au mwa dereva. Mwezi Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kuvipiga marufuku, na tangazo lile alilitoa Mirerani, mji wa wachimbaji wa tanzanite. Marufuku ilianza tarehe 1 Machi 2017. Yaani hatua iliyoihusu nchi nzima ilitamkwa kwenye mji unaofanana na wetu. Uganda nayo ilifuata njia hiyo mwaka 2019. Ulevi haukwisha kwa sababu hiyo. Lakini kileo kilichokuwa ndani ya mfuko wa sare ya shule kiliondolewa, na hilo si haba.

La pili, fungueni mlango mwingine katika saa ile niliyoitaja. Zungumzeni na wenye maduara na wenye mashine, mgawo ufanyike mchana badala ya usiku. Vikundi vya kuweka na kukopa vikutane siku ya mgawo, hapo hapo kwenye machimbo, ili sehemu ya fedha ihifadhiwe kabla haijafika kwenye kilabu. Anayeweza kutuma fedha nyumbani kwa simu aitume akiwa bado na akili timamu. Jambo hili halihitaji mfadhili wala semina. Linahitaji mtu anayeaminika, daftari na kufuli.

La tatu, itengenezeni njia ya tiba. Mlevi wa miaka mingi akiacha pombe ghafla, bila uangalizi, anaweza kupata degedege na hata kufa. Kwa hiyo tusimfungie mtu chumbani kwa nia njema tukamuua. Shirika lijue ni mganga gani katika kituo cha afya anayeweza kumpokea mtu wa namna hiyo; lijue vituo vya methadoni viko wapi, na kile kilicho katika Hospitali ya Sekou Toure, Mwanza, kinamtaka mgonjwa awe na nini; liwe na akiba ya nauli na mtu wa kumsindikiza. Halafu liiombe halmashauri, katika kikao cha bajeti na si pembeni mwa kikao, iweke fungu kwa ajili ya kazi hiyo. Mganga asiye na dawa wala mafunzo hana kosa. Kosa ni la sisi sote tuliokaa kimya bajeti ilipopitishwa.

La nne, mkumbukeni anayepika. Mama mmoja aliniuliza baada ya mahubiri juu ya ulevi: "Baba, nikiacha kupika gongo, mwanangu atamaliza shule kwa fedha ya nani?" Swali lile halijibiwi kwa mahubiri. Mpika gongo wa Kagongwa mara nyingi ni mjane, au ameachwa na mume ambaye yeye mwenyewe ni mlevi. Ukiimwaga pombe yake bila kumpa njia nyingine, umemwongezea msiba, na kesho atapika tena usiku, mahali pa siri zaidi, kwa viungo vibaya zaidi. Jirani zetu wa Kenya waliifanya chang'aa kuwa halali kwa sheria ya mwaka 2010, wakitumaini kwamba ikitengenezwa kwa leseni itakuwa salama. Hata hivyo mwezi Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliwaua watu wengi katika kaunti kadhaa za nchi ile, na wengine wakapofuka. Kukataza pekee hakukutosha, na kuruhusu pekee hakukutosha. Palipo na umaskini wa anayepika na umaskini wa anayekunywa, sheria hupita juu ya maji kama mtumbwi. Kwa hiyo katika kamati yenu awepo mtu mwenye jukumu la riziki ya akina mama hawa: mtaji mdogo, ufugaji wa kuku, kazi ya mama lishe, nafasi kwenye soko la mchele.

La tano, waraibu wenyewe waketi mezani. Huko Zanzibar, kuanzia mwaka 2009, watu waliokuwa wameacha heroini walifungua nyumba za upataji nafuu, wakaishi humo pamoja na wenzao waliokuwa wakijaribu kuacha, wakiongozana hatua kwa hatua. Hawakuwa madaktari. Walikuwa watu walioijua njia kwa sababu wameipita. Nyumba hizo baadaye zilienea hata Bara. Basi katiba yenu itaje viti maalumu kwa watu walioacha na kwa ndugu wa waraibu, tena viti vya maamuzi, si vya kutoa ushuhuda siku ya wageni tu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na daktari, padre na mwenyekiti wa mtaa ni kidole kimoja tu.

La sita, jengeni shirika lisilomtegemea mtu mmoja. Hapa nitawapeleka mbali kidogo, hadi Ireland. Mwaka 1838, mjini Cork, Mkapuchini mmoja, Padre Theobald Mathew, alianza kuwaapisha watu waache pombe. Alikuwa na kipaji cha ajabu. Watu kwa mamilioni walikula kiapo mbele yake. Lakini kazi yote ilining'inia juu ya nafsi yake moja. Madeni yakamlemea, ikaja njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, naye alipofariki mwaka 1856 wimbi lile lilikuwa limekwisha kurudi baharini. Mwaka 1898, mjini Dublin, Mjesuiti Padre James Cullen alianza upya kwa namna nyingine: vikundi vidogo, viongozi wanaochaguliwa, kumbukumbu za vikao, sala ya kila siku. Chama chake, cha Mapayonia, kilidumu, na kilivuka bahari hadi Afrika Mashariki. Somo ni wazi. Hotuba nzuri hukusanya watu, bali daftari la vikao huwaweka pamoja. Hotuba hii yangu nayo ni hotuba tu.

Kwa hiyo msione uchungu juu ya masharti ya usajili. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, pamoja na marekebisho yake, hasa yale ya mwaka 2019, inataka katiba, muhtasari wa mkutano wa waanzilishi, taarifa za viongozi na hesabu zilizo wazi. Unaweza kujiandikisha katika ngazi ya wilaya. Hakuna haja ya kujiita shirika la taifa kabla hamjamaliza mitaa ya Kagongwa. Chukueni tu fedha ambazo mnaweza kuzitaja mbele ya mkutano. Msipokee fedha ya mtu anayefaidika na ulevi, hata akiwa Mkristo mkarimu, maana mkono unaopokea ndio unaoufunga mdomo. Wala msiwe tawi la chama chochote cha siasa.

Na msidhani kwamba ninyi peke yenu ndio mtakaokwenda mbele ya watunga sera. Nchini Uganda, wakulima na wafanyabiashara wa mirungi walijiunga katika chama chao wakaenda mahakamani kuipinga sheria ya dawa za kulevya. Tarehe 5 Mei 2023 Mahakama ya Katiba iliibatilisha sheria nzima, kwa sababu ilipopitishwa bungeni akidi haikuzingatiwa. Bunge likalazimika kuipitisha upya. Walikuwa na haki ya kwenda mahakamani, na mahakama ilitenda haki. Nawapa mfano huo mjue mambo mawili: kwamba wenye maslahi wamekwisha kujipanga, na kwamba sheria njema isiyofuata utaratibu huanguka. Jipangeni basi, na fuateni utaratibu.

Ndugu zangu, mtakapomaliza leo mtakuwa na katiba, kamati na jina. Siku chache baadaye mtu atabisha hodi kwenu, ananuka gongo, hana viatu, na huenda jana alimwibia mmoja wenu. Siku hiyo ndipo shirika litakapoanza kweli, na jirani zenu watajua kama mmeungana kumsaka au kumtetea. Mpeni kiti kwanza. Jina lake mtamwuliza baadaye, na msiliandike asiporidhia.

Mungu awabariki, aibariki kazi ya mikono yenu, na awarudishe nyumbani wote walio mbali. Amina.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika mtaa wetu fedha hulipwa saa ngapi na wapi? Saa hiyo ni milango gani iliyo wazi?

2. Je, tunajua vilabu vilivyo jirani na shule zetu? Ni nani anayetoa leseni, na ni nani kati yetu atakayekwenda kuzungumza naye?

3. Ni familia gani katika jumuiya yetu zinazobeba mzigo wa uraibu kwa siri? Tunawezaje kuzisaidia bila kuziaibisha? (Majina yasitajwe katika mkutano.)

4. Mama anayepika gongo akitaka kuacha, jumuiya yetu iko tayari kumpa nini?

5. Katika sherehe zetu za harusi, kipaimara na mavuno, tunaweza kukubaliana nini juu ya pombe, na ni nani atakayeanza?